Kidonge Kilichooshwa kama Dhahabu

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Polycarpe Kitoga mwenyewe habishi, na ukimkuta barazani kwake mtaani Kadutu atakuambia kabla hujamuuliza, tena kwa sauti ya mtu anayetaja cheo. Tatizo ni kwamba akishakiri huanza kueleza kwa nini haukuwa ujinga hasa, na maelezo hayo ni marefu kuliko kukiri kwenyewe.

Kuyaelewa lazima ujue kazi aliyofanya. Miaka ishirini na miwili Polycarpe aliosha dhahabu katika mito ya Mwenga, maji yakiwa magotini na mvua ikiwa mgongoni. Kazi ile ilimwachia nyumba ya mabati mjini Bukavu, kiuno kisichonyooka, na imani moja ambayo hata padri hakuweza kuigusa: kwamba hakuna kitu duniani kilichochanganywa ambacho maji na subira haviwezi kukitenganisha. Unasaga jiwe, unatia unga kwenye karai, unatia maji, unazungusha taratibu. Chepesi kinaondoka na maji, kizito kinabaki chini. Hivyo ndivyo alivyotenganisha dhahabu na mchanga mweusi, na hivyo ndivyo alivyokuwa anachambua mchele, maharagwe, na maneno ya watu wa mtaani.

Moyo wake ulianza kumletea vituko alipofika miaka sitini. Siku moja alikuwa anapanda kilima kutoka sokoni na kifurushi cha sambaza, wale dagaa wa ziwani, mkononi. Katikati ya njia akakaa chini, kimya, kama msafiri anayesubiri gari mahali ambapo gari halijawahi kupita. Wapita njia wakamsalimia. Akashindwa kuitikia. Ndipo walipojua kwamba ni ugonjwa, maana Polycarpe hakuwahi kukosa la kujibu.

Dispensaire, zahanati ya masista, ilikuwa chini ya kilima. Miaka ile ya chama kimoja serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kizungu, kila mtu alikuwa "citoyen", raia mwenye jina la babu yake. Lakini pale dispensaire waliendelea kumwandika Polycarpe, kwa kuwa sista aliyeshika daftari alikuwa mzee kuliko sheria. Infirmier, muuguzi aliyempokea, aliitwa Pascal, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpima shinikizo la damu, akampima tena, kisha akakigonga chombo kwa kidole, akitumaini kosa ni la chombo.

"Papa Polycarpe," akasema, "tension yako iko juu sana. Na moyo unachoka."

Akampa vidonge vya aina tatu: kimoja cha kulegeza mishipa, kimoja cha kutuliza mapigo, kimoja cha kutoa maji mwilini. Kila asubuhi, vyote vitatu, kila siku ya Mungu.

Polycarpe akavichambua. Kile cha mishipa alikipenda kwa sababu kilikuwa chekundu na kina heshima. Kile cha mapigo kilimziba pua, akakiruka kila siku ambayo Clémence, mke wake, alipika nyama. Kile cha maji hakukinywa Jumapili kabisa, kwani misa yenye kwaya mbili haingoji mtu aende chooni mara nne. Vilivyobaki aligawa. Jirani wa juu alivimba miguu, akapewa vya maji. Jirani wa chini alikosa usingizi, akapewa vya mapigo. Kwa mtaa mzima Polycarpe alikuwa dispensaire ya pili, ile isiyo na foleni. Na kila alipoteremka kwa Pascal, kile chombo kilionyesha kitu kipya: leo juu, kesho chini, keshokutwa juu kuliko juzi.

"Unakunywa dawa?" Pascal akauliza.

"Nakunywa."

"Yote?"

"Kila moja kwa siku yake."

Pascal akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Mwezi uliofuata, shehena ya dawa ilipofika, akamwita.

"Papa Polycarpe, leo niko na habari. Bile bidonge bitatu, sahau. Sasa iko kimoja tu. Dawa zote tatu ziko ndani."

Polycarpe akakichukua, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa cheupe, cha mviringo, hakina dalili yoyote ya kubeba wenzake.

"Tatu ndani ya kimoja, na hakuna kuchagua." Akateremsha sauti. "Kama Chama."

Pascal akachungulia nje ya dirisha kwanza, ndipo akacheka.

"Sikia, nikuambie ukweli, uzuri na ubaya. Uzuri wake: hautasahau kimoja ukakumbuka kingine. Hautagawia majirani robo ya moyo yako. Na maman Clémence ataona kwa macho yake kama umekunywa ao haukunywa. Ubaya sasa. Nikitaka kukuongezea dawa moja, lazima niongeze zote. Nikitaka kupunguza moja, zote zinapungua. Kama moja inakukataa, tunaachana na zote tatu. Na siku gari ya dawa haikufika, haukosi moja. Unakosa vyote."

"Sasa ubaya iko mingi kupita uzuri!"

"Kwa mugonjwa anayefuata masharti, inaweza kuwa. Kwa mugonjwa kama weye, uzuri unashinda."

Polycarpe akalipokea hilo kama sifa, akaondoka akitembea kwa maringo.

Na kweli, miezi miwili alikuwa mtu mpya. Alipanda kilima bila kukaa. Alilala usiku kucha kwa mto mmoja kichwani. Clémence alisimama mbele yake kila asubuhi na kikombe cha maji, akamwambia "Fungua mudomo", kisha "Funga", kisha akaangalia koo likipanda na kushuka. Majirani walikuja na miguu yao na usingizi wao, wakaambiwa duka limefungwa. Kero ilibaki moja tu. Kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, maji yalimwita mara nne, mara tano, bila kujali ni nani anayezungumza wala amefika wapi.

Hapo ndipo Noëlla alipoposwa.

Noëlla alikuwa binti wa Ignace, kaka yake Polycarpe, aliyekwisha kufa. Mchumba, Adalbert, alikuwa karani aliyepanga chumba mtaani Nguba, lakini wazazi na ng'ombe wake walikuwa kwao Mudaka, nje ya mji. Siku ya mahari ikapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa mjane wa Ignace, Marcelline. Msemaji wa upande wa binti alikuwa Polycarpe. Hilo halikuhitaji mjadala. Ignace, siku aliyokuwa anakata roho, alimshika mkono akamwambia maneno machache tu: "Siku ya Noëlla, Marcelline asibaki mikono mitupu." Maana yake ilikuwa ng'ombe wa mama, yule anayetolewa juu ya wengine, anayekuwa mali ya aliyezaa. Kwa mjane asiye na mtoto wa kiume, ng'ombe huyo ni maziwa, ni mbolea ya shamba, ni mtu wa kuzungumza naye jioni.

Sasa, katika ukoo wa Kitoga kuna sheria moja kuhusu msemaji. Akishakaa kwenye kiti cha neno, hasimami mpaka pombe ya ndizi, ile kasiksi ya makubaliano, inywewe. Akisimama, hata kama ni kwa sababu nyumba inaungua, ameliacha neno pale kitini, na anayefuata kwa umri analiokota. Na aliyefuata kwa umri alikuwa binamu yao Firmin. Firmin alikuwa mtu mwema, hana kasoro isipokuwa kwamba alimpenda kwa moyo wote yeyote aliyemnunulia bia. Mwaka wa nyuma, kwenye mahari ya binti mwingine wa ukoo, msemaji alisimama kidogo tu kumkimbilia mtoto aliyeanguka. Firmin akaliokota neno. Kufikia jioni ng'ombe wa mama alikuwa amegeuka kreti mbili za bia ya Primus, na kreti zenyewe zilikwisha kabla mama hajaambiwa.

Polycarpe akapiga mahesabu ya saa. Mahari ya watu wa Mudaka haiishi chini ya saa tatu. Kuanzia saa nne hadi saa saba mchana, na kile kidonge tumboni! Angesimama mara nne. Mara ya kwanza tu ingemtosha Firmin.

Angeweza kumuuliza Pascal. Dispensaire ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na njia yenyewe ni ya kuteremka. Lakini Polycarpe hakuona suala la dawa hapo. Aliona kitu kilichochanganywa.

Siku nane kabla ya mahari, Clémence alimkuta jikoni ameinama juu ya kisahani. Mbele yake palikuwa na kijiko, chupa ya soda iliyotumika kusagia, na glasi ya maji. Alikuwa anazungusha kisahani kwa vidole viwili, taratibu, uso wake una utulivu wa mtu aliyerudi nyumbani baada ya safari ndefu.

"Baba Apolline," akasema Clémence, ambaye hakuwahi kumwita kwa jina jingine tangu binti yao wa kwanza azaliwe, "uko unafanya nini na kisahani yangu?"

"Naosha dawa."

"Dawa ilichafuka?"

"Haikuchafuka. Ilichanganywa." Hakuinua macho. "Njoo uone. Dawa ya moyo lazima iko nzito, moyo iko na kazi nzito. Inabaki chini. Hii ingine ya mukojo iko dawa ya maji. Dawa ya maji inafuata maji. Unaona? Inaenda yenyewe, sijailazimisha."

"Na Pascal anasema nini?"

"Pascal alisoma kazi ya infirmier. Hakusoma mugodi."

"Na weye ulisoma mugodi. Mugodi iko na moyo?"

Polycarpe akamwaga maji nje ya mlango, kwenye shina la mgomba. Akaongeza maji mengine, akazungusha tena, akamwaga tena. Mara saba alifanya hivyo, kama inavyotakiwa na kazi safi. Mwisho ukabaki unga mweupe kidogo chini ya kisahani. Akaukusanya kwa ncha ya kijiko, akaulamba, akafunga macho. Clémence aliyesimama na kikombe chake hakujua aseme "Fungua mudomo" au aache.

Siku ile Polycarpe alienda chooni mara mbili tu. Akatembea mtaani akiwapungia watu mkono.

Kesho yake akaosha tena. Siku ya tatu viatu vikambana. Akasema vimesinyaa kwa mvua. Siku ya nne akaomba mto wa pili, ya tano mto wa tatu, akasema siku hizi pamba wanayojazia ni ya kizushi. Siku ya sita Clémence akakaa miguuni pake, akabonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale pale kama kwenye bukari, ugali wa moto.

"Baba Apolline. Angalia."

"Naona. Nimenenepa."

"Mutu hanenepe mguu peke yake! Kesho naenda kwa Pascal."

"Ukienda, atanilaza. Akinilaza, Jumamosi Firmin njo atakaa kwa kiti." Akapumua kidogo kabla ya kuendelea, maana sentensi zilikuwa zimeanza kumwishia katikati. "Siku mbili tu, Mama Apolline. Siku mbili. Nimupatie Marcelline ng'ombe yake, kisha mutanilaza hata mwaka."

Clémence alitaka kubisha. Lakini siku ile ile asubuhi alikuwa amemwona Marcelline anasafisha kibanda nyuma ya nyumba, anapigilia mlango, anatandika majani makavu ya mnyama ambaye hajaahidiwa. Akanyamaza. Mambo mengine ya hadithi hii huyasimulia kwa furaha, lakini kunyamaza kule hakutaji.

Mgomba wa nje ya jikoni, kwa upande wake, siku zile ulikuwa na moyo uliotulia kuliko mgomba wowote wa Kadutu.

Jumamosi ikafika. Wakwe kutoka Mudaka waliingia saa nne na nusu, wanaume kumi na mmoja, makoti mazito, kibuyu cha kasiksi kimefungwa jani la ndizi mdomoni. Msemaji wao, muzee Cyprien, alikuwa mwembamba kama fimbo aliyoishika, lakini maneno yalimjaa mpaka shingoni. Wanawake walikaa nyuma ya pazia. Firmin alikaa kwenye benchi lililo karibu zaidi na kiti cha neno, karibu kuliko lilivyohitaji kuwa.

Polycarpe aliketi. Viatu alivipasua nyuma kwa kisu ili viingie.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Ng'ombe wa baba wakakubaliwa, wanne. Mbuzi wa wajomba wakakubaliwa. Polycarpe aliongea kwa sentensi fupi, na watu wakasema wenyewe kwa wenyewe kwamba uzee umempa busara. Kumbe pumzi ilikuwa haitoshi sentensi ndefu. Saa sita ikapita, na maji hayajamwita hata mara moja. Moyoni alijipongeza, ijapokuwa moyo wenyewe ulikuwa unapiga kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango.

"Sasa," akasema Cyprien, "imebaki mama wa binti. Sisi tunamuheshimu. Tutamupa kitenge bibili na blanketi moja."

Hapo ndipo Polycarpe alipokuwa amejiandaa kwa wiki nzima. Alikuwa na hotuba. Ilianza na machozi ya Ignace na iliishia kwa ng'ombe. Akafungua mdomo, na pumzi haikuja. Akajaribu tena. Haikuja. Akabaki amemkodolea macho Cyprien, mikono imeshika kiti, kifua kinapanda na kushuka bila neno hata moja.

Cyprien akajikuna shingo. Katika mahari arobaini alizosimamia hajawahi kujibiwa hivi.

"Muzee amekasirika kwa sababu ya blanketi," akasema. "Basi blanketi bibili."

Kutoka kwa Polycarpe ilisikika sauti nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka.

"Na mbuzi juu yake! Mbuzi dume!"

Midomo ya Polycarpe ikageuka rangi ya biringanya. Cyprien akawainamia wenzake. "Baliniambia batu ba Mwenga ni bagumu," akanong'ona, "lakini huyu hata hapepese macho."

Firmin alikuwa amekwisha kuona. Akasimama, akanyoosha koti. "Ndugu zangu, muzee amechoka. Mbuzi iko muzuri. Kama kuna na kreti kidogo, mimi naona tunaweza..."

"Hajasimama!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya Marcelline, ambaye kwa desturi hakupaswa kuwa na sauti yoyote siku ile. "Papa Firmin, rudi kwa benchi yako! Yeye hajasimama!"

Nyumba nzima ikamtazama Polycarpe. Hakuwa amesimama. Firmin akakaa.

Cyprien akaingiwa na jasho. Alimtazama mtu yule aliyevimba, aliyenyamaza, asiyepepesa, na akawaza nini kitatokea akirudi Mudaka bila binti. "Ng'ombe, basi!" akapaza sauti. "Ng'ombe ya mama! Jike, na mimba iko ndani! Imetosha? Sema imetosha!"

Kichwa cha Polycarpe kikaanguka kifuani. Baadhi ya watu wakadhani amekubali, wakaanza kupiga makofi. Ndipo maji yalipoanza kudondoka chini ya kiti. Yalitoka bila haraka, akiba ya siku nane, yakafuata mteremko wa sakafu mpaka kwenye viatu vya wakwe.

Makofi yakakatika. Clémence akatoka nyuma ya pazia kama risasi. "Amekufa! Mumeniulia mutu!" Mashemeji wakamkimbilia wakitaka kumlaza kwenye mkeka, lakini Marcelline alikuwa amekwisha kufika, mikono kiunoni.

"Asiguswe! Kasiksi haijanywewa. Mubebe na kiti."

"Na kiti?"

"Na kiti yake!"

Wakambeba na kiti, wanaume wanne, kila mmoja mguu mmoja, wakateremka naye kilima cha Kadutu kama zamani walivyobebwa Wazungu kwenye tipoyi. Watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, waliokuwa wanafagia barabara wakaegemea mafagio kumtazama. Nyuma yao alikimbia Cyprien na kibuyu, fimbo kaitupa. Maana naye alikuwa na hofu yake: msemaji akifa kabla ya kunywa, maneno yote yanakufa naye, na matanga yanakuwa juu ya waliokuja kuposa.

"Muzee! Gusa tu! Gusa kwa mudomo, kisha ufe kwa amani!"

Kwenye kona ya dispensaire alimfikia. Akammiminia kasiksi midomoni. Polycarpe akakohoa, akameza, akafumbua jicho moja. "Jike?" akauliza.

"Jike," akasema Cyprien, na machozi yakamtoka.

Pascal alimchoma sindano ya kutoa maji, na mchana ule hadi jioni Polycarpe alikojoa kwa ajili ya wiki nzima. Siku ya tatu aliweza kukaa kitandani na kuegemea ukuta. Siku ya nne aliweza kubishana, na hiyo ndiyo iliyomfanya Pascal aandike kwenye karatasi kwamba mgonjwa amepata nafuu.

"Ile unga uliyobaki kwa kisahani," Pascal alikuwa amesimama kando ya kitanda, "unajua ilikuwa nini? Chokaa na wanga. Bintu bya kushikiza kidonge kisipasuke. Dawa yenyewe iliyeyuka, ukaimwaga inje. Siku nane ulikuwa unakula chokaa."

Clémence, aliyekuwa anamenya ndizi pembeni, hakuinua kichwa. "Mugomba njo ulipona," akasema.

"Sawa. Mjinga alikuwa mimi, nakubali." Polycarpe akainua kidole. "Lakini nani alinifikisha pale? Kidonge yako! Kama bingekuwa bitatu, Jumamosi ningeacha kimoja, cha maji peke yake. Bile bibili bingenishikilia moyo kwa kiti. Weye ulinifungia zote kwa gunia moja, ukanyima mutu nafasi ya kuchagua."

"Hapo uko na haki kidogo," akasema Pascal. "Nilikuambia mimi mwenyewe, ule njo ubaya wake."

"Umesikia, Mama Apolline? Infirmier anasema niko na haki."

"Kidogo," akasema Pascal. "Sasa sikia na hii ingine. Wakati bilikuwa bitatu ulikuwa unachagua kila siku, na kila siku ulichagua kubaya. Chombo yangu ilisema leo juu, kesho chini. Miezi mbili ya kimoja, ulipanda kilima. Na kwa Jumamosi, kama ungekuja kuniuliza, ningekuambia neno moja tu: leo usimeze asubuhi, meza jioni, kisha ya karamu. Imeisha. Ungekaa kwa kiti yako mukavu."

Neno "jioni" lilimpiga Polycarpe. Siku nane za kusaga, za kuzungusha, za kumwaga, na jibu lilikuwa jioni. Lakini mtu aliyekaa mtoni miaka ishirini na miwili hatoki majini kwa sababu ya karai moja tupu.

"Mutu wa miaka yangu," akasema, "ashuke kilima, apange foleni mbele ya batu, aulize mutoto wa jana: nikojoe saa ngapi? Haiwezekani. Kisha, muniache nimalize. Nani alipata ng'ombe? Mimi! Kama ningekunywa hiyo dawa yako jioni, Jumamosi ningekuwa na pumzi. Kama ningekuwa na pumzi, ningeongea. Kama ningeongea, Cyprien angeniongelesha mpaka blanketi. Nilishinda kwa sababu ya kuosha! Munaona haya kusema, lakini ni kuosha njo kulileta ng'ombe. Jike, tena na mimba!"

Pascal akamgeukia Clémence.

Clémence akaweka kisu chini. Akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja baada ya kingine.

"Baba Apolline, uliona haya kuuliza mutu mumoja juu ya mukojo yako," akasema. "Sasa Mudaka muzima njo bananiuliza mimi."